Kocha Aliyepanga Uani Kwetu

Unga wa mahindi unapotoka kwenye mashine una harufu ambayo haimo kabisa katika unga wa dukani. Una joto kama mkate, umechanganyika na moshi kidogo wa dizeli na mkanda wa mpira ulioanza kuungua, na ukiutia mkono unahisi kama umemgusa mnyama aliyelala. Juzi nilikuwa nikipita katika mtaa mmoja hapa Dodoma ninapoishi, nikapishana na mama aliyejitwika debe la unga wa namna hiyo, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimegeuka na kumfuata. Hebu nifikirieni, mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani na mkoba wa kazini, anamfuata mtu barabarani kwa sababu ya harufu. Yule mama aligeuka akaniuliza, "Vipi dada, tunafahamiana?" Nikamwambia hapana, ila unga wako naufahamu. Akalishika debe lake vizuri zaidi na kuongeza mwendo.

Ningemwelezaje kwamba harufu ile kwangu si ya ugali? Kwangu ni harufu ya mpira wa miguu.

Baba yangu, Mzee Kandidus, alikuwa na mashine ya kusaga pale Majengo, Songea, katika banda la mabati lililoungana na nyumba yetu. Mashine ile ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na kwa kuwa Baba hakuwa mtu wa kukaa kimya, alijifunza kuzungumza kwa sauti ya kuishinda. Tatizo ni kwamba mashine ilipozimwa, yeye hakuzimika. Aliomba chumvi kwa sauti ile, alisali rozari kwa sauti ile, na alipokuwa akimnong'oneza Mama jambo la siri, jirani wa nyumba ya tatu alikohoa kwa adabu ili ijulikane kwamba anasikia.

Jambo alilopenda kulizungumzia kuliko yote lilikuwa timu yetu, Nyundo. Wateja walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu, na wakati mahindi yao yakisagwa, wachezaji wa Nyundo nao walisagwa. Msidhani Baba alikuwa na chuki. Aliwapenda vijana wale, lakini aliamini kwamba mapenzi yasiyokosoa ni uvivu. Kipa wetu, Gaudensi, alimwita Mlango wa Kanisa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuukuta umefungwa. Kuhusu Osmund, kiungo wetu, alisema, "Kijana ana akili nyingi za mpira, ila miguu yake haijapelekewa taarifa." Na Longinus, mshambuliaji ambaye mji mzima ulimtegemea, alipiga mpira, kwa maneno ya Baba, kama mtu anayefukuza nyani shambani: hana haja ya kumpata, anataka aondoke tu.

Wachezaji wenyewe walikuja kusaga kwetu. Walizisikiliza hukumu zao wakiwa wamesimama na madebe, nyusi zimejaa unga, na walicheka. Siku moja Longinus alimjibu kwamba afadhali yeye anayefukuza nyani, kuliko Baba ambaye akiingia shambani nyani humsogezea kigoda. Baba alifurahi kwa jibu lile wiki nzima. Alilirudia kwa kila mteja, hata kwa masista wa misheni waliofuata unga wa shule.

Na mimi nilikuwa na maoni. Nilikuwa darasa la tano, na niliyatangaza shuleni kwa uhakika uleule wa Baba, nikieleza kwa nini beki wa kushoto hafai, ilhali mpira pekee niliowahi kuugusa ni ule uliotua katika sufuria yetu ya makande. Tabia hiyo sijaiacha. Nimesoma hadi chuo kikuu na bado najadili mambo mengi kwa msingi huohuo.

Mwaka huo Nyundo walileta kocha mpya kutoka Iringa, jina lake Mhongole. Viongozi wa timu walimwomba Baba ampangishe chumba cha uani, maana kilikuwa wazi na karibu na uwanja. Nakumbuka alivyoingia: mtu mfupi, mkakamavu, ana sanduku la bati mkono mmoja na mkono mwingine mpira ndani ya wavu. Baba alitoka bandani, mweupe kichwa hadi viatu, akasimama mbele yake.

"Wewe kabila gani?"

"Mhehe."

Baba akageuka na kuniita. Nilikuwa hatua chache tu nyuma yake, lakini aliniita kama niko Mletele, nje ya mji. "Mfungie Jimi ndani, mwanangu. Amekuja Mhehe."

Jimi alikuwa mbwa wetu, na kila Mtanzania anajua Wahehe wanavyotaniwa kuhusu nyama ya mbwa. Nilisubiri ugomvi. Kocha alitua sanduku taratibu, akachuchumaa, akamtazama Jimi mbavu na mapaja kama anavyotazama mtu wa bucha.

"Amekonda huyu," alisema. "Mlisheni kwanza. Mimi nina subira, si kama Wangoni."

Baba alicheka mpaka unga ukapeperuka kutoka mabegani kwake. Chumba kilikuwa kimepata mwenyewe.

Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu zao walipigana vita kali na hakuna aliyemmaliza mwenzake, kwa hiyo waliorithi vita ile wakaachiwa haki ya kutukanana bila kununiana. Baba alikuwa mkubwa kwa kocha kwa miaka mingi, na sisi watoto tulimwamkia kila mtu mzima shikamoo, lakini wao wawili sikuwahi kuwasikia wakiamkiana hivyo. Asubuhi kocha alitoka chumbani na mswaki mdomoni, akasema, "Kumbe umeamka. Nilidhani usiku tumepata bahati." Baba alijibu kutoka bandani kwamba Mhehe huwahi kuamka kwa sababu amezoea kukimbizwa alfajiri. Mama aliwakorogea uji wote wawili na kuwawekea kwenye benchi moja. Aliniambia kwamba wanaume wale wamepata kazi ya kufanya, tuwaache.

Sasa, kocha Mhongole alikuwa na mfumo wake. Nyundo ikipata goli, aliwarudisha wachezaji wote nyuma kulinda. Longinus mwenyewe alirudi mpaka akawa anakanyagana na Gaudensi. Mwanzoni jambo hili lilitupa ushindi wa goli moja moja, na mji ulifurahi. Lakini Baba, ambaye alitaka mpira wa kushambulia hata timu ikiongoza, alipata humo chakula chake cha mwaka mzima.

"Mnashangaa nini?" aliwauliza watu wa kwenye benchi, mashine ikinguruma. "Huyu ni Mhehe. Babu yake aliwaona Wangoni wanakuja, akarudi nyuma. Mpaka leo wanarudi nyuma, hawajaambiwa kwamba vita imekwisha. Rudi nyuma, Mhehe, rudi nyuma."

Kocha alikuwa akifua jezi uani, mapovu mpaka kwenye viwiko. Hakuinua kichwa. "Babu yangu alirudi nyuma awapishe njia babu zako," alisema. "Walikuwa wanakuja mbio sana. Wanakimbia nini, hakuna aliyewauliza."

Benchi zima lilicheka. Mimi nililala kifudifudi juu ya gunia kwa kucheka. Tangu siku hiyo, kila Nyundo walipolinda goli, Baba alisimama pale jukwaani na kupaza sauti, "Rudi nyuma, Mhehe!" na kocha, bila kugeuka, aliinua mkono mmoja kama mtu anayepokea salamu. Niliona ni kitu kizuri kuliko mpira wenyewe.

Kocha aliupenda mji. Alikodi shamba upande wa Mletele akapanda mahindi, na Baba alimcheka kwamba Mhehe anapanda mistari iliyonyooka kwa hofu ya kupotea humo ndani. Kocha alisema hataki maneno, ataondoka Songea akishakula mahindi yake mwenyewe, na huenda hapo pia asiondoke, kwa sababu mkewe ameanza kuuliza habari za shule za huku. Nilimsikia akimwambia Mama hilo. Alilisema polepole, huku akipukuchua mahindi ya mbegu, na halikuwa na utani ndani yake.

Kisha Nyundo wakaanza kutoka sare. Walipata goli, wakarudi nyuma, na dakika za mwisho Mlango wa Kanisa ukafunguka. Mara ya kwanza watu walinung'unika. Mara ya pili, walipofungwa kabisa, sauti ya Baba ilipotoka, "Rudi nyuma, Mhehe!" haikutoka peke yake. Vijana wa stendi waliokaa upande wa pili waliidaka. Walikuwa wameisikia bandani kwetu, nani Majengo ambaye hakuwa ameisikia? Wakaifanya wimbo, wakapigia makopo. Na wimbo ukipita midomo mingi haubaki ulivyo. Kufika mwisho wa mechi ulikuwa, "Rudi kwenu, Mhehe! Rudi kwenu!"

Kocha hakuinua mkono. Baba alikaa. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona baba yangu uwanjani akiwa amefunga mdomo.

Kiongozi wa vijana wale aliitwa Chifupa, kuli wa stendi mwenye kifua kama mlango wa gari, mtu mwema tu kwa kawaida yake. Kesho yake alileta mahindi. Baba aliizima mashine, jambo ambalo halikufanywa wakati wa wateja isipokuwa kwa mazishi.

"Chifupa, wimbo ule uacheni," alisema.

"Upi, mzee?"

"Wa kumfukuza Mhehe."

Chifupa alitabasamu, akidhani anawekewa mtego wa kuchekesha. "Lakini mzee wangu, si maneno yako yale?"

"Maneno ni yangu. Na Mhehe ni wangu pia. Wewe ni mtani wake tangu lini? Mimi namtania. Nyinyi mnamtukana."

"Tofauti yake nini, mzee?"

Baba alifikiri. Aliyekuwa na jibu la kila kocha na kila kipa alifikiri mpaka mteja mmoja akajikuna. "Mimi nikiugua," alisema hatimaye, "atanibeba huku ananicheka. Akiugua yeye, wewe utambeba?"

Chifupa alicheka kwa nguvu, akampiga Baba begani, unga ukatimka. "Mzee Kandidus bwana. Unasaga mahindi na mbavu zetu." Akaondoka na debe lake akipiga mluzi wimbo uleule.

Mkutano wa wanachama uliitishwa Jumapili baada ya misa, katika darasa la shule ya msingi. Ajenda ilikuwa moja: kocha abaki au aondoke. Watoto tulikaa madirishani. Asubuhi hiyo Mama alimnyooshea Baba koti, akamwambia, "Baba Asteria, leo ongea kama mtu wa kanisani." Asteria ni mimi. Baba alisema ndivyo atakavyoongea. Alikuwa ameyapanga maneno yake, nilimsikia akiyarudia bandani, mashine imezimwa, kwa sauti ambayo yeye aliita ya chini.

Alipopewa nafasi, alisimama, akakohoa, akashika ncha za koti.

"Ndugu wanachama. Kocha Mhongole ni kocha mzuri."

Darasa lote likaangua kicheko.

Nawaomba msiwaone wale watu kuwa wabaya. Walikuwa wamemsikiliza Baba miezi yote ile. Walijua namna anavyoanza: husifia kidogo, kama anavyofanya mtu anayevuta mguu nyuma kabla ya kupiga. Walikuwa wanasubiri teke.

"Nasema kweli," alisema Baba.

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja wa mbele alijifuta macho kwa kofia.

"Timu hii ina mabeki wawili wazima tu. Angefanya nini zaidi ya kuwarudisha wengine wasaidie? Anajua anachofanya. Mpeni muda, mtaona. Kaacha kwao, kalima shamba hapa—"

"Kalima kwa kurudi nyuma!" alisema mtu, na hapo hata mwenyekiti, mtu wa heshima na tai, aliweka uso mezani na mabega yakawa yanamtikisika. Alipoweza kusema alisema, "Mzee Kandidus, tafadhali kaa, utatuua. Tuna kazi ya kufanya hapa."

Baba hakukaa. Alijaribu tena, na kwa kuwa hawakumsikia alipandisha sauti, ile ya kushinda mashine, ambayo masikio yao yote yaliijua kama sauti ya mzaha. Kadiri alivyosema ukweli kwa nguvu ndivyo walivyofurahi. Nami dirishani, nitawaficha nini, nilikuwa nacheka pamoja nao. Niliona Baba amefanya vizuri kuliko siku zote. Nilipunga mkono anione. Alinitazama, na sikuelewa kwa nini alinitazama vile.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Kocha aliondolewa.

Aliondoka asubuhi, kabla ya jua kukausha umande kwenye mabati. Sanduku lile la bati, mpira ule ndani ya wavu. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, hajawasha kitu. Nilijua kuna tusi linakuja, na nilisogea nisilikose. Niliona midomo ya Baba imeshaanza kukaa sawa kwa kulijibu.

Kocha alisimama mbele yake, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Baba hakuitika.

"Nawashukuru sana kwa kunihifadhi. Mungu awabariki na familia." Akamshukuru na Mama, akanishika kichwa, akaenda.

Nilifikiri, hatimaye amepata adabu. Nilimwambia hivyo Baba, ili kumfurahisha: "Umeona, Baba, leo kakuamkia." Baba aliingia bandani akawasha mashine, na ilinguruma asubuhi ile kwa muda mrefu bila kuwa na mahindi ndani yake.

Mahindi ya Mletele yalikomaa bila mwenyewe. Baba aliyavuna, akaita watu wakayabeba, akayakoboa na kuyasaga yeye mwenyewe, laini kuliko ya masista. Akaushona mdomo wa gunia na kumkabidhi dereva wa basi la Iringa amfikishie kocha, pamoja na ujumbe wa mdomo: "Mwambie Mhehe ale, apate nguvu za kukimbia." Alimfanya dereva aurudie. Siku zote ambazo basi lile lilikuwa njiani, Baba alikuwa mchangamfu, akitunga majibu ambayo kocha angeweza kuyatoa, na majibu yake kwa majibu hayo.

Dereva aliporudi alisimama bandani na kusema, "Gunia limefika. Anasema asante sana, mzee wangu, Mungu akuzidishie."

"Na nini tena?"

"Basi. Ni mtu mstaarabu sana yule."

Baba aliacha kutoa maoni. Hakutangaza, yaliisha tu, kama maji ya bomba yanavyoisha. Watu walikaa kwenye benchi, wakamchokoza kuhusu Longinus, na yeye akasema Longinus anajitahidi. Kocha mpya aliyeletwa alipanga timu ovyo kiasi kwamba hata mimi niliona, na Baba akasema tumpe muda. Wateja walianza kuhisi kwamba mashine ile haisagi sawasawa. Mama alimshauri apimwe malaria.

Msimu uliofuata ikaja timu kutoka Njombe, na ikajulikana mjini kwamba kocha wao ni Mhongole. Baba alisema hataenda uwanjani. Kisha akasema ataenda, ila atakaa nyuma.

Hapa inanibidi nieleze kuhusu shati la Baba la mechi, ambalo sijalitaja kwa sababu Mama analionea aibu hadi leo. Lilikuwa la zambarau. Shemeji yake mmoja alilileta kutoka mahali fulani, likiwa na kola pana kama masikio ya mbuzi, na Baba aliamini Nyundo hawawezi kushinda bila yeye kulivaa. Matokeo hayakuiunga mkono imani hiyo. Uwanja mzima ulilijua. Watu waliopotezana waliambiana wakutane karibu na shati la Mzee Kandidus. Asubuhi ya mechi Mama alilifua na kulianika uani.

Nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Mlango wa uani ukafunguliwa bila hodi. Kocha Mhongole aliingia, amenenepa kidogo, hakunisalimia, hakumsalimia Mama aliyekuwa kwenye jiko la kuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akalitoa shati la zambarau, akalikung'uta, akalinusa kwapani na kukunja uso. Akalitia chini ya koti lake, na kutoka kama alivyoingia.

"Mama," nilisema nilipopata pumzi. "Kocha kaiba shati la Baba."

Mama hakuwa amehama pale alipokuwa. Alikuwa ameshika mwiko hewani, na machozi yalikuwa yanamtoka, nikafikiri ni moshi.

"Mtani haibi," alisema. "Chambua maharage yako. Na baba yako usimwambie kitu. Mwache alikose mwenyewe."

Baba alilitafuta. Alilitafuta chini ya kitanda, bandani, hata kwenye banda la kuku, huku akiuliza ni nyumba gani hii ambayo mtu hawezi kuanika nguo. Mwishowe alikwenda uwanjani na shati jeupe la kanisani, nami nikamfuata nyuma, nimebana meno maneno yasitoke.

Timu zikaingia. Kisha ukaingia mnong'ono, ukapita jukwaani kutoka mtu hadi mtu, na watu wakaanza kusimama na kutazama upande wa wageni, kisha wakatutazama sisi. Kando ya mstari, mikono nyuma, mfupi na mkakamavu, alisimama kocha wa Njombe katika shati la zambarau lililomfika karibu na magoti, kola imesimama pande zote mbili za kichwa.

Chifupa aligeuka, ameduwaa. "Mzee, lile si shati lako?"

Baba alikuwa amesimama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukirudi namna ile, kidogo kidogo, kama unga unavyojaa gunia kutoka chini.

"Mwizi!" alipaza sauti, na uwanja wote ukaisikia. "Mhehe mwizi! Rudisha shati!"

Kule ng'ambo kocha hakugeuka. Aliinua mkono mmoja.

Tulifungwa goli moja. Walipokwisha kulipata, Njombe walirudi nyuma wote, wakajaa mbele ya lango lao kama watu wanaokimbia mvua, na Longinus alifukuza nyani mpaka filimbi ya mwisho. Watu waliondoka wameinamisha vichwa. Baba aliwapita akitembea haraka, akitangaza kwamba Osmund ni janga, kwamba kipa ni wa kuombewa, kwamba kocha wetu mpya afungiwe stoo pamoja na koni zake. Wateja walimfuata nyuma wakicheka, na mimi nilimwonea aibu. Ni shabiki gani anafungwa halafu anafurahi?

Nilipofika chuo kikuu nilisoma habari za utani katika vitabu. Mhadhiri alitueleza kwamba ni njia ya jamii kupunguza uhasama baina ya makabila, nami nikaandika insha ndefu yenye maneno magumu, iliyopata alama za wastani. Ilistahili. Nilikuwa nimetaja wataalamu wengi na sikumtaja mtu aliyeamkiwa shikamoo akashindwa kuitika. Ilinichukua miaka mingine kuelewa kwamba asubuhi ile mlangoni mwa banda, kocha hakuwa amepata adabu. Alikuwa amemwondoa Baba miongoni mwa watu wake na kumhesabu kama mzee yeyote wa mjini, wa kuheshimiwa na kuachwa. Kila neno jema alilomtumia baada ya hapo lilikuwa limefungwa kama mlango. Na Baba asingeweza kubisha hodi, kwa sababu hodi hubishwa na wageni, na ombi la msamaha pia ni maneno ya mgeni. Ilibidi asubiri aibiwe.

Shati halikurudi. Mama, ambaye kwa kweli alifurahi kuachana nalo, alijitolea kumshonea jingine, la rangi ya watu wazima, kwa kuwa lile limeshapotea. Baba alikuwa akimimina mahindi kwenye kinu cha mashine, na alimjibu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Iringa.

"Halijapotea," alisema. "Linavaliwa."